Shabaha Haiji na Silaha Mpya

Pinde za Wasandawe na Wahadzabe, na bastola za michezo za mita 25, zinafuata kanuni moja. Ufundi wa kanuni hiyo uko Kanda ya Kati, na viwanja vya shule zetu vinauhitaji.

Juu ya kijiji cha Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa, kuna miamba iliyoinamia bonde, na kwenye kuta zake wamechorwa watu kwa rangi nyekundu: warefu, wembamba, vichwa vimetunishwa kwa nywele au mapambo. Baadhi yao wameshika pinde. Michoro ya namna hiyo ipo kwenye mapango zaidi ya 150, katika eneo la kilomita za mraba 2,336, na mwaka 2006 UNESCO iliyaingiza maeneo hayo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwanaakiolojia Mary Leakey alikuja kuinakili michoro hiyo mwaka 1951, na mwaka 1983 akaichapisha katika kitabu. UNESCO inasema kazi ya kuchora humo ilidumu kwa zaidi ya miaka 2,000.

Wageni wanaofika Kolo huuliza nani alichora na lini. Mimi swali linalonivuta ni jingine: watu hawa, kwa kipande cha mti na uzi wa kano, walimpataje digidigi asiyemfikia hata mbuzi kwa ukubwa, aliyesimama kichakani hatua 20 mbele yao? Chakula cha kaya kilitegemea jibu la swali hilo. Ndilo swali analojiuliza leo mtu aliyenunua bastola mpya ya michezo, akasimama mita 25 kutoka kwenye karatasi ya shabaha, na kuona matundu yametapakaa kila upande isipokuwa katikati.

Jibu la wote wawili ni moja. Silaha mpya haiji na shabaha. Shabaha hupatikana pale silaha, kile inachokirusha na mkono unaoishika vinapozoeana, na kuzoeana huko hakuna duka linalokuuza. Wawindaji wa nyanda za kati wamelijua jambo hilo kwa vizazi vingi, na ujuzi wao una thamani kubwa kuliko tunavyoupa.

Mti kabla ya mkono

Wasandawe wanaishi wilayani Chemba, wilaya iliyomegwa kutoka Kondoa mwaka 2012, katika maeneo ya Farkwa, Kwa Mtoro na Sanzawa. Leo ni wakulima na wafugaji, lakini asili yao ni uwindaji na urinaji asali, na upinde ulikuwa silaha yao kuu. Magharibi na kaskazini zaidi, kuzunguka Ziwa Eyasi hadi wilaya ya Mkalama mkoani Singida, wapo Wahadzabe, watu takriban 1,300, ambao baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Lugha zote mbili zina sauti za kidoko, ingawa wanaisimu hawajaweza kuthibitisha kwamba zina asili moja. Kwa upinde, hata hivyo, watu hawa wanaelewana vizuri.

Kazi inaanzia kwenye kuchagua mti. Mmoja wa miti inayopendwa kwa pinde na mishale katika nyika yetu ni mkole, kichaka kinachomea hata pale mvua za Dodoma zinapokuwa chache, chenye matawi yaliyonyooka na mbao ngumu inayopinda bila kuvunjika. Tawi hukatwa, likamenywa gome, likachongwa taratibu kuelekea ncha mbili hadi liwe jembamba mwishoni na nene pale pa kushikia. Hupakwa mafuta ya mnyama na kukaushwa pole pole, maana mti uliokaushwa kwa haraka hupasuka.

Kisha linakuja jambo linalowashinda wanaojaribu peke yao. Nusu ya juu na nusu ya chini ya upinde lazima zipinde kwa kiasi kimoja. Nusu moja ikiwa ngumu kuliko nyingine, mshale hutupwa juu au chini kila unapoachiwa, na hakuna mkono utakaolirekebisha kosa hilo. Kwa hiyo fundi huuvuta upinde kidogo tu, akautazama umbo lake, akakwangua mbao kidogo upande ulio mgumu, akauvuta tena mbele zaidi kidogo. Upinde unaolazimishwa kufika mwisho siku ya kwanza huvunjika mkononi. Hata ukisalimika, katika siku zake za mwanzo mti hulegea kiasi na upote wa kano hurefuka, nguvu ikapungua na mishale ikaanza kuanguka chini ya pale ilipopiga jana. Anayeijua tabia hiyo hauhukumu upinde mpya mapema. Anaupa muda utulie, ndipo anaanza kuuzoea.

Nguvu za pinde hizi si za mchezo. Mtafiti Frank Marlowe, aliyefanya kazi kwa Wahadzabe kwa miaka mingi, alizipima na kukuta wastani wa uzito wa kuzivuta ni kama pauni 69, yaani kilo 31. Wanaume wengi wanaoshindana kwenye Olimpiki huvuta kama kilo 20 hadi 23, tena kwa pinde zenye vizito vya kutuliza mtikisiko na kilengeo kinachorekebishwa kwa skrubu. Mhadzabe hana kilengeo chochote. Ana jicho, kidole na kumbukumbu.

Uti wa mshale

Mgeni huushangaa upinde, lakini mwindaji anahangaikia mishale zaidi. Ukikaa karibu na mtu anayenyoosha uti wa mshale utaelewa kwa nini. Kijiti kilichomenywa hupitishwa juu ya makaa, kikazungushwa kwa vidole kisiungue. Kikishapata joto, mwenyewe hukiinua usawa wa jicho, akafumba jicho la pili na kukitazama kwa urefu wake wote. Palipopinda hupanyoosha kwa kidole gumba. Pakikataa, hupang'ata kwa meno na kupakunja kuelekea upande wa pili, akapashikilia hivyo mpaka mbao ipoe, kisha akatazama tena. Kijiti kimoja kinaweza kurudi kwenye makaa mara nyingi. Baada ya hapo hufungwa manyoya, mara nyingi ya kanga au tai, kwa nyuzi nyembamba za kano, na mwishoni huwekwa kichwa: ncha ya mti wenyewe iliyochongwa kwa ndege na wanyama wadogo, au chuma kwa wakubwa. Chuma hicho mara nyingi ni msumari wa kawaida uliogongwa bila kuyeyushwa mpaka ukawa bapa na mkali.

Unyofu peke yake hautoshi. Mshale hupita ubavuni mwa upinde, wakati upote unausukuma kuelekea katikati ya mti. Kwa hesabu ya kawaida ungegonga upinde na kwenda kombo. Picha zilizopigwa kwa kamera za kasi zinaonyesha kinachotokea: upote unapoachiwa, mshale hujikunja, ukauzunguka upinde bila kuugusa, ukajikunja upande wa pili, na kuendelea kutikisika hivyo mpaka manyoya yautulize na kuunyoosha hewani. Ili ukwepe upinde sawasawa, ugumu wa uti lazima ulingane na nguvu ya upinde unaourusha. Kwa mpigaji wa mkono wa kulia, uti mgumu kupita kiasi huenda kushoto, na uti laini kupita kiasi huenda kulia.

Hapa ndipo penye fumbo la upinde mpya. Kijana anayepata upinde wenye nguvu kuliko ule wa awali, akabaki na mishale yake ya zamani, ataiona ikikimbilia kulia siku nzima. Atalaumu mkono wake, atabadilisha namna ya kusimama, ataanza kulenga kushoto ili kufidia. Kosa haliko kwake. Mishale yake ilitengenezwa kwa upinde mwingine, na dawa ni kurudi kwenye makaa na kijiti kinene zaidi.

Wahadzabe wana mchezo wa kamari uitwao lukuchuko, ambao mtafiti James Woodburn aliueleza kwa kirefu baada ya kuanza kazi kwao mwaka 1958. Wanaume hurusha vipande bapa vya gome la mti, na dau kubwa ni mishale ya chuma. Kwa njia hiyo mishale huhama kutoka podo moja hadi jingine, na aliyeshinda hujikuta na mshale uliotengenezwa kwa nguvu za upinde wa mtu mwingine. Thamani yake kwake ataijua akishaupiga.

Chini ya nusu sekunde

Mshale wa upinde wa mti husafiri kwa kasi ya mita 45 hivi kwa sekunde. Kwa umbali wa mita 20 unatumia chini kidogo ya nusu sekunde, na ndani ya muda huo mvutano wa dunia huushusha karibu mita moja. Mwindaji hapimi kwa futi wala rula. Amepiga mishale maelfu tangu utotoni, na jicho lake limejifunza mshale uelekee juu kiasi gani kwa hatua 15, kwa hatua 20, kwa hatua 30. Mnyama naye anaweza kuusikia upote na kuruka kabla mshale haujafika. Ndiyo maana uwindaji wa upinde ni kazi ya kunyemelea: kila hatua unayoikaribia shabaha inafuta sehemu ya kosa la mkono.

Sumu nayo iliingia hapo. Wahadzabe hutumia mimea inayodhuru moyo, ukiwemo Adenium wenye maua ya waridi, kwenye mishale ya wanyama wakubwa. Mshale wenye sumu unatakiwa uingie tu kwenye nyama, mengine yanafanywa na sumu. Mshale wa ndege hauna msaada huo, na kanga hatoi nafasi ya pili. Kwa hiyo ukitaka kumjua mpigaji hodari, mwangalie akiwa na kijiti cha mti kisicho na chuma wala sumu.

Risasi ndogo ya .22, ile inayotumika katika bastola za mashindano, iko kwenye ulimwengu mwingine wa kasi. Baruti yake ya kuwashia imefichwa kwenye ukingo wa kitako cha ganda, na kiwashio cha bastola hugonga ukingo huo badala ya katikati. Risasi yenyewe ina uzito wa gramu 2.6 hivi, na ile ya mashindano hutoka kwa kasi iliyo chini ya kasi ya sauti. Mita 25 inazimaliza kabla ya sehemu ya kumi ya sekunde, ikishuka sentimita chache tu. Upepo wa kiangazi wa Dodoma wa mita 5 kwa sekunde, ukivuma kutoka ubavuni, hauisogezi risasi hiyo hata sentimita moja kwa umbali huo. Ila unautikisa mkono ulionyooshwa, na mkono ndio unaoharibu.

Hesabu yake inatisha. Kanuni za mashindano zinaruhusu umbali usiozidi milimita 220 kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele. Kilengeo cha mbele kikisogea nusu milimita tu, risasi inakosea kwa milimita 57 ikifika mita 25. Duara la alama kumi kwenye shabaha ya kupiga taratibu lina kipenyo cha milimita 50. Nusu milimita ya uzembe imekutoa nje ya duara. Kasi imemwondolea mpigaji wa bastola mzigo wa kukisia mshuko, ikamwachia mzigo wote wa mkono.

Bastola mpya inafundishwaje

Wapigaji wenye uzoefu hawaanzi na kulenga. Kwanza huusafisha mtutu kuondoa mafuta ya kiwandani, kisha hupiga risasi kadhaa bila kujali zinaangukia wapi, ili mtutu na vyuma vinavyosuguana vitulie. Ndipo bastola huwekwa juu ya mfuko wa mchanga, mkono ukaondolewa kwenye hesabu kadiri inavyowezekana, na aina mbalimbali za risasi zikajaribiwa moja baada ya nyingine, tano tano au kumi kumi kwa kila karatasi.

Kwa nini risasi nyingi tofauti? Kwa sababu kila mtutu una risasi yake. Mitutu miwili iliyotoka kwenye mashine moja siku moja inaweza kupenda risasi tofauti, na hata risasi za chapa moja hutofautiana kutoka toleo moja la kiwandani hadi jingine. Jambo hilo linaheshimiwa kiasi kwamba watengenezaji wakubwa, Eley wa Birmingham nchini Uingereza na Lapua wenye kituo chao Schönebeck nchini Ujerumani, humkaribisha mshindani aje na silaha yake, wajaribu matoleo mbalimbali, kisha anunue lile lililopatana na mtutu wake. Ni kazi ileile ya Mhadzabe na mshale alioushinda kwenye lukuchuko.

Katika kuchagua, mpigaji mzuri haangalii ni risasi zipi zilizokaribia katikati. Anaangalia zipi zilizokaa pamoja. Matundu kumi yaliyosongamana kwenye kona ya juu kushoto ni habari njema: silaha inarudia kitu kilekile, na kazi iliyobaki ni kuzungusha skrubu za kilengeo ili kundi lihamie katikati. Matundu kumi yaliyotawanyika, hata mawili yakiwa yameingia kwenye kumi, ni habari mbaya. Anayegusa kilengeo kabla ya kupata kundi anaifukuzia bahati, kila risasi anageuza skrubu, na jioni inamkuta palepale alipoanzia. Kingine ni kubadilisha jambo moja kwa wakati. Ukibadilisha risasi, kipini na namna ya kusimama kwa mara moja, matokeo yakawa mazuri, hutajua ni kipi cha kushukuru.

Baada ya hapo ndipo unaingia mkono. Kipini kinapaswa kujaa kiganjani kwa namna moja kila kinaposhikwa, ndiyo maana wapigaji wa mashindano hukichonga kwa tupa au kukijaza mpaka kiendane na vidole vyao. Kifyatuo kinavutwa nyuma moja kwa moja, kwa mkazo unaoongezeka taratibu, jicho likiwa limetulia kwenye kilengeo cha mbele na shabaha ikionekana kwa ukungu. Mashindano ya bastola ya mita 25 yanataka kifyatuo kisichofyatuka kwa chini ya uzito wa gramu 1,000, na kuuvuta uzito huo bila kutikisa bastola isiyozidi gramu 1,400 ni mazoezi ya miezi. Sehemu kubwa ya mazoezi hayo hufanywa bila risasi, silaha ikiwa imekaguliwa kuwa tupu. Hata hapo ipo tahadhari: katika baadhi ya bastola za aina hii, kiwashio kisipokuta ganda hugonga ukingo wa chemba na kuuharibu, kwa hiyo kitabu cha mtengenezaji husomwa kwanza.

Hapa kwetu silaha ya moto ina sheria yake, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na hakuna raia anayeimiliki bila leseni. Vijana wengi wa Kitanzania hukutana na shabaha ya bunduki kwa mara ya kwanza katika Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), lililoundwa mwaka 1963, na kwa Kanda ya Kati kambi ya Makutupora imewapitisha wengi tangu utaratibu wa wahitimu wa kidato cha sita kujiunga kwa mujibu wa sheria uliporejeshwa mwaka 2013. Aliyepita huko anakumbuka alichoambiwa na wakufunzi kabla ya kupewa risasi ya kwanza: shika vizuri, tulia, pumua, usikurupuke. Maneno hayo hayana tofauti na ya mzee anayemfundisha mjukuu wake upinde huko Farkwa.

Dunia iliona jambo hilo kwenye Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Picha ya Yusuf Dikeç wa Uturuki ilisambaa kwenye simu zetu, mkono mmoja mfukoni, miwani ya kawaida usoni, akipiga bastola ya hewa ya mita 10 bila vifaa vingi vya kichwani walivyovaa wengine. Yeye na Şevval İlayda Tarhan waliondoka na medali ya fedha ya timu mchanganyiko. Kwenye bastola ya mita 25 ya wanawake, inayotumia risasi za .22, Yang Ji-in wa Korea Kusini alilingana na Camille Jedrzejewski wa Ufaransa mpaka ikabidi wapige raundi ya ziada, na Yang akachukua dhahabu. Katika ngazi ile silaha zote ni nzuri. Kinachowatenganisha ni nani amezoeana na ya kwake kiasi kwamba hata moyo ukienda mbio mkono unarudia kilekile.

Utoto na upinde

Mtoto wa kiume wa Kihadzabe hupewa kaupinde kadogo akiwa na miaka mitatu hivi. Hakuna darasa. Anapiga mabuyu yaliyoanguka, visiki, panya na ndege, akiwa na wenzake, kutwa nzima. Upinde hubadilishwa kadiri anavyokua, mkubwa zaidi na mgumu zaidi, na kila mara anarudia safari ya kuuzoea pamoja na mishale yake. Akifika ujana amekwisha kuzoeana na pinde kadhaa mpya. Mpiga zeze wa Kigogo naye hufika hivyo hivyo: kila zeze jipya lina uzi na kibuyu chake, na mkono uliopitia mengi hutambua haraka pa kukaza.

Hicho ndicho walimu wa bastola wa Ulaya na Asia wanachokitafuta kwa wanafunzi wao kwa gharama kubwa: mwili unaorudia. Kwa mpiga upinde, upote uvutwe mpaka mahali palepale usoni kila mara. Mkono wa upinde ubaki umenyooka mpaka mshale umefika, usianguke kwa haraka ya kutaka kuona. Vidole viuachie upote bila kuunyakua. Mhadzabe hafundishwi sheria hizi kwa maneno. Njaa na kicheko cha wenzake vinamfundisha.

Ujuzi usipopata kazi hupotea

Kazi iliyouweka hai ujuzi huu inapungua. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka uwindaji ufanyike kwa kibali, na kwa haki, kwa kuwa wanyama wa nyika yetu si wa kuchezea. Mashamba na mifugo vimeingia kwenye mapori. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati za kimila za ardhi yao, hatua kubwa iliyolinda sehemu ya pori lao. Kwa Wasandawe, wengi wao sasa wakiwa kwenye mashamba ya mtama na uwele, upinde unazidi kubaki kitu cha wazee, na anayejua kuulinganisha uti wa mshale na nguvu ya upinde akifa, maarifa hayo hayamo kwenye kitabu chochote cha shule ya msingi ya Chemba.

Siombi watoto wapelekwe kuwinda, wala sumu ifundishwe mtu. Naomba ulengaji upinde uwe mchezo wa shule. Mashindano ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, yamewalea wanariadha na wachezaji wengi wa mpira, na hayana sababu ya kuufungia nje mchezo ambao mababu wa wanafunzi wenyewe waliuchora kwenye mwamba. Jirani zetu wameonyesha njia ipo: Kenya ilipokwenda Olimpiki ya Rio mwaka 2016, aliyeibeba bendera yake kwenye sherehe za ufunguzi alikuwa mlengaji upinde, Shehzana Anwar. Shabaha aliyoikabili ilikuwa na upana wa sentimita 122, umbali wa mita 70, na alama kumi ndani ya duara la sentimita 12.2.

Gharama ya kuanza ni ndogo. Magunia yaliyoshindiliwa majani makavu, nyuma yake tuta la udongo refu kuliko mtu. Mstari mmoja wa kusimamia. Pinde nyepesi za mkole na mishale yenye ncha butu. Kanuni zisizovunjwa: hakuna anayeweka mshale kwenye upote mtu akiwa mbele ya mstari, wote hupiga na kumaliza kabla yeyote hajaenda kuchukua mishale, na hakuna upinde unaoelekezwa kwa mtu hata ukiwa mtupu. Mwalimu wa fizikia anaweza kuleta darasa lake lote pale, wapime mshuko wa mshale kwa mita 10 na kwa mita 20, wauone mvutano wa dunia kwa macho badala ya kuukariri. Mwalimu wa michezo atapata watoto wafupi, wembamba na wasio na mbio, ambao uwanja wa mpira huwaacha pembeni, wakigundua kwamba wana kitu ambacho wengine hawana: utulivu.

Na walimu wa ufundi wapo. Wako Farkwa, Kwa Mtoro na Mkalama, wanajua mti upi ukatwe msimu gani, kijiti kipi ni laini mno na kipi ni kigumu mno. Halmashauri za Chemba na Mkalama ziwaite, ziwalipe posho kama zinavyowalipa wakufunzi wengine, na ziwape vijana wa kurithi kazi hiyo. Chama cha michezo kikija baadaye na pinde za kisasa za kiwandani, kitawakuta watoto ambao tayari wanajua kwamba upinde mpya lazima kwanza ujaribiwe na mishale yake, na kwamba kundi hutafutwa kabla ya katikati. Mtoto mwenye elimu hiyo ameshavuka hatua ngumu kuliko zote, na iliyobaki ni mazoezi.